Soli za Majirani

Fundi viatu huyu aliwajua watu kuanzia kwenye kifundo cha mguu kushuka chini. Ukimwonyesha uso wa mtu aliyemshonea viatu miaka kumi, atakuna kichwa na kuomba radhi. Lakini mpe kiatu cha mtu huyo akigeuze, na hapo hapo atakwambia mwenyewe anasimama kazini au anakaa, ana haraka au anajivuta, na mguu upi humuuma mvua zikianza. Alikuwa mtu wa haya. Mteja akija alisalimia huku macho yameshuka, na kwa kuwa macho yalishuka, yalikuta kazi huko chini yakaizoea.

Hata mke alimpata kwa njia hiyo. Alikuwa nesi, na viatu vyake vilikuwa vyeupe, vya kufunga kwa kamba. Mara ya kwanza alileta kisigino kilicholegea. Mara ya pili soli iliyofumuka. Mara ya tatu alileta kiatu kizima. Fundi alikigeuza, akakikunja, akakigonga kwa nyundo, akasema akiwa bado anakitazama, "Dada, hiki hakina tatizo."

"Najua," akajibiwa. "Mwenye tatizo ni mimi."

Hiyo ni hadithi ya miaka ishirini na miwili iliyopita, na Nesi aliisimulia kila walipopata mgeni, huku mumewe akitafuta kitu cha kuokota sakafuni.

Nesi alifanya kazi zamu ya usiku. Wenzake walizikimbia zamu hizo, yeye alizipenda, kwa sababu wodi ikitulia ikanyamaza ndipo mgonjwa anasema kinachomuuma kweli. Basi usingizi wake ulikuwa wa mchana, na mchana ni wa watu wote. Katika miaka hiyo ishirini na miwili walipanga vyumba saba, na kila chumba kilikuwa na jirani wake. Palikuwa na mfuga majogoo. Palikuwa na bwana mmoja mstaarabu sana aliyekuwa akijifunza kupuliza tarumbeta, ambaye kila asubuhi aliomba samahani kwanza, kisha akapuliza. Na sasa, kwenye chumba hiki cha saba, ukuta wa kichwani mwa kitanda ulikuwa wa pamoja na karakana ya mchomelea mageti. Nesi alilala mto ukiwa juu ya kichwa badala ya chini yake, ameukaza kwa kanga, na bado nyundo zilimfuata ndotoni.

Mwezi uliopita alimpima homa mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa. Mtu mwenyewe, kwa heshima, alikaa kimya na kipimajoto kwapani mpaka mwisho. Wodi nzima ilicheka, isipokuwa mkuu wa manesi. Mkuu alimwita ofisini, akamwambia kwa upole kwamba mara hii ni kipimajoto, mara nyingine itakuwa sindano. Likitokea kosa jingine la usingizi, atatolewa wodini apelekwe stoo kuhesabu mashuka.

Nesi alirudi nyumbani na maneno hayo, akavua viatu vyake vyeupe, akasema, "Mume wangu, tununue nyumba. Popote. Hata pangoni, bora pango lisiwe na jirani."

Walikuwa na akiba yao, iliyokusanywa kidogo kidogo kama maji ya bomba linalovuja. Jumapili hiyo dalali akawapeleka kuona fleti.

Dalali aliitwa Bwana Funguo, kwa sababu ya furushi la funguo alilolizungusha kidoleni mchana kutwa, na hata aliponyamaza yeye, funguo ziliendelea kusema. Jengo lilikuwa dogo, la rangi ya maziwa yaliyomwagikiwa chai, lenye fleti nne tu: mbili chini, mbili juu. Iliyokuwa inauzwa ni ya chini, mkono wa kushoto. Vyumba viwili, jiko lenye dirisha, bafu lenye vigae, na ukutani hakuna hata ufa mmoja.

"Sikilizeni," akasema Bwana Funguo, akafumbata funguo zake ili mfano wake ukamilike. "Mnasikia nini? Hamsikii kitu. Hapa shemeji yangu utalala mpaka usikie nywele zikiota."

Ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi. Kweli hapakuwa na sauti. Nesi alisimama katikati ya chumba cha kulala akafumba macho, na fundi, aliyemtazama kwa wizi, aliona mabega ya mkewe yakishuka taratibu. Hakuwa amewahi kuyaona yameshuka hivyo tangu zama za jogoo wa kwanza.

"Kuna mnunuzi mwingine," akasema Bwana Funguo. "Malipo ya kwanza Jumamosi, vinginevyo nampa yeye. Na mkishalipa, pesa hairudi. Huo ndio utaratibu wa mwenye nyumba, si wangu."

Njiani kurudi fundi alikuwa kama aliyelewa. Aliruka dimbwi ambalo lingeweza kuzungukwa. Alimwambia mkewe mahali kitanda kitakapokaa, kisha akabadilisha, kisha akarudisha. Alikuwa amepima chumba kwa kamba ya kiatu, na kamba hiyo aliifunga kwenye kidole ili asisahau: kamba nne na nusu kwa kamba tatu kasoro kidogo.

"Umekuwa kama bwana harusi," mkewe akamwambia.

"Siku ya harusi sikuruka dimbwi."

"Siku ya harusi ulilikanyaga." Nesi alicheka, kisha akatulia. "Lakini sikia. Chumba cha tarumbeta nacho tulikiona Jumapili. Safari hii hatutoi kitu kabla hatujajua nani anakaa juu, nani anakaa kando. Nenda ukawagongee milango uwaulize."

Afadhali angemtuma akamkamue chui. Kugonga mlango wa mtu asiyemjua, kisha kumuuliza kama ana kelele? Fundi hakulala vizuri usiku huo. Asubuhi akaamka na mpango. Kama hawezi kuwaendea majirani usoni, atawangoja miguuni.

Jumatatu alfajiri alibeba sanduku lake, kigoda chake na mwavuli wake, akaacha pembe aliyoikalia miaka yote, akaenda kukaa ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la jengo lile. Alipanga misumari, gundi, msharasi wa kushonea na kopo la rangi, akainamisha kichwa kama mtu asiye na haja na mtu. Magari yalipita katikati yake na jengo kwa fujo, hata angepigiwa ngoma ndani humo asingeisikia. Lakini hakuja kusikiliza. Alikuja kusoma.

Wa kwanza walikuwa buti. Yaani alikuja mtu, lakini fundi aliona buti: nyeusi, kubwa kama mitumbwi miwili, visigino vimepigiliwa vyuma. Ziligonga lami ko, ko, ko, zikavuka, zikaingia getini. Moyo wa fundi ukapiga hatua pamoja nazo. Akahesabu mlango: wa chini, mkono wa kulia. Kando kabisa ya chumba cha kulala.

Jioni alimweleza Nesi kwa sauti ya msiba. "Jirani wa kando ana vyuma visiginoni. Mtu wa namna hiyo akitoka kitandani kwenda kunywa maji, jengo zima linajua ana kiu."

"Umemuuliza?"

"Nimemwona kwa macho yangu."

"Umeona viatu."

"Ndivyo nilivyosema."

Jumanne asubuhi zile buti zilikuja moja kwa moja hadi kwenye sanduku lake, zikasimama. "Fundi, habari ya kazi. Chuma cha kushoto kimelegea, nipigilie." Mwenye buti alikuwa mlinzi wa ghala, anarudi kutoka lindo. Alizivua palepale, na fundi akastaajabu: soksi zake zilikuwa nzima, safi, na vidole vilikanyaga lami kwa adabu kama vidole vya paka.

"Huwa unazivua hapa?" fundi akauliza, akikiuliza kile kisigino.

"Nyuma ya geti, kila siku. Nikizivaa hadi ndani nitajiamsha mwenyewe." Mlinzi akacheka. "Mimi nalala mchana, kaka. Nikishafika kitandani, hata kifo kikigonga kitaambiwa kirudi kesho."

Alichukua buti mkononi, akavuka barabara kwa soksi, akaingia kwake pasipo sauti. Fundi alibaki na nyundo hewani, uso umemchanua. Jirani anayelala mchana. Alitaka kumkimbilia amkumbatie, lakini hilo lingehitaji kumtazama usoni.

Saa tatu kasoro wakaja wanawake. Alikuwa amewaona jana pia lakini buti zilikuwa zimemjaza kichwa. Walikuja wawili wawili, watatu watatu, watu wazima wa miaka hamsini na sitini, wamevaa raba, wanacheka, wakapanda ngazi ya nje kwenda fleti ya juu kushoto. Juu kabisa ya ile ya kwake. Alihesabu jozi kumi na mbili. Saa tano wakashuka wamechoka, wanajipepea, na wanne kati yao wakavuka barabara kumletea raba zao zitiwe gundi.

Fundi aliposhika ya kwanza akaigeuza, akaona soli imelika mbele, pale chini ya vidole, na kisigino kiko kama kipya. Ya pili vilevile. Ya tatu, ya nne vilevile. Mguu wa kulia na wa kushoto sawasawa. Aliwaza. Mtu anayetembea hula kisigino. Anayesimama hula soli nzima. Ni nani anayekanyaga kwa vidole tu saa mbili nzima, na mguu wake unafanya kazi ile ile, mbele tu, mbele tu?

Akapata jibu, na jibu likampandisha joto la furaha hadi masikioni. Anayekanyaga pedeli. Hawa ni washonaji. Huko juu kuna cherehani kumi na mbili za miguu.

Alirudi nyumbani karibu akikimbia, akamkuta Nesi anajiandaa kwenda kazini.

"Cherehani," akasema mlangoni. "Juu kuna washonaji. Saa mbili tu kwa siku, kisha wanakwenda zao. Na cherehani, mke wangu, cherehani ni kama mvua juu ya paa la jirani. Mtu analipia kulala kwa sauti ya namna hiyo. Kando kuna mlinzi anayetembea kwa soksi. Yule mwingine wa juu, mlinzi kaniambia ni dereva wa lori, hurudi mara moja kwa mwezi kuja kufua. Tumepata."

Hakuwa amewahi kusema maneno mengi hivyo kwa pumzi moja. Nesi alimtazama kama anayetazama bubu aliyeimba.

"Wamekwambia wanashona?"

"Soli zimeniambia."

Nesi akafunga mkoba wake. "Basi kesho nikitoka zamu siji hapa. Nakwenda kulala huko huko nisikie hiyo mvua yako. Wewe tafuta ufunguo."

Kuupata ufunguo haikuwa kazi rahisi. Bwana Funguo, mtu mwenye funguo mia, alijifanya huo mmoja umejificha. Fundi alidai mkewe anataka kupima mapazia. "Mapazia yapimwe Jumapili," akasema dalali. Fundi hakujua kubishana, akabaki amesimama kimya akitazama viatu vya dalali, na kumbe hakuna kinachomtesa msemaji kama mtu asiyejibu. Bwana Funguo akauchomoa. "Lakini kabla ya saa tatu muwe mmetoka. Kuna... nakuja kupulizia dawa ya mende."

Jumatano saa mbili na nusu Nesi alitandika mkeka katikati ya chumba kitupu, akavua viatu vyake vyeupe akavipanga, akalala chali, na kabla mumewe hajamaliza kuuliza kama sakafu ni baridi, alikuwa ameshakwenda. Hana mto kichwani. Mdomo wazi kidogo. Fundi alikaa pembeni akiegemea ukuta, mikono magotini, akamtazama mkewe akilala, na furaha ikamkaba hadi akajiziba mdomo ili asicheke.

Saa tatu kamili ikalia filimbi.

Kisha dari ikashuka. Haikushuka kweli, lakini fundi aliona taa ikiruka kwenye waya wake. Du, du, du, du. Watu kumi na wawili waliruka kwa pamoja, wakatua kwa pamoja, na sauti ya mwanamke, kali na yenye furaha, ikahesabu: "Na moja, na mbili, magoti juu, na tatu, usinidanganye wewe wa nyuma nakuona, na nne." Filimbi. Du, du, du, du. Chokaa ikaanza kunyesha. Fundi aliinuka akanyoosha mikono juu, sijui alitaka kuizuia dari au kuiomba.

Nesi alifumbua macho. Alikuwa mweupe kuanzia kwenye nyusi hadi kifuani, mweupe kuliko viatu vyake. Alitazama juu, akamtazama mumewe aliyekuwa ameinua mikono, akasema kwa utulivu kabisa, "Hao ndio washonaji?"

Fundi aliteremsha mikono.

"Wanashona nini, mahema?"

Na hapo kicheko kikamponyoka. Alicheka amelala, akacheka amekaa, chokaa ikimdondoka kila alipotikisika, na fundi akaanguka magotini kando yake akacheka kwa sauti ya juu ambayo hakujua anayo. Juu waliruka, chini walicheka, na kwa muda hakuna aliyeweza kusema ni nani anayefanya kelele zaidi. Kisha Nesi akafuta machozi, na machozi yakachora mistari kwenye chokaa, na mumewe akaona kwamba mistari ya mwisho haikuwa ya kicheko.

"Nilikuwa nimelala," akasema. "Dakika zile chache. Nilikuwa nimelala kweli."

"Hatulipi," fundi akasema.

"Hatulipi. Lakini kwanza panda juu ukawaambie. Hata mara moja katika maisha haya, jirani mmoja aambiwe."

Fundi akapanda. Ngazi kumi na sita. Alizihesabu, na kila moja aliona ni ndefu kuliko iliyopita. Mlangoni alijipangia maneno: Shikamoo mama, samahani, chini kuna mtu. Alikuwa bado yuko kwenye shikamoo mlango ulipofunguliwa. Alisimama pale mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, filimbi shingoni, jasho linamtiririka, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu tu. Nyuma yake jozi kumi na mbili za raba zilikuwa zinarukaruka mahali pamoja zikimngoja.

"Ah, fundi wetu," akasema. "Afadhali umekuja mwenyewe, umenipunguzia safari. Ngoja." Akaingia, akatoka na jozi ya viatu vya kahawia vya mwanamke. "Vya mama yangu. Vipige rangi tu, yeye hataki kiatu chake kififie. Kesho asubuhi vitakuwa tayari? Haya, asante, baba. Na tano, na sita."

Mlango ukafungwa. Fundi akashuka.

Nesi alitazama alichoshika. "Nimekutuma ukalete ukimya, umeniletea viatu."

"Amenipa."

"Angekupa na filimbi ungeipokea." Lakini hakuwa na hasira, alikuwa anakunja mkeka, bado anatikisika kidogo kwa kicheko kilichobaki, akienda kulala kwa mchomelea mageti.

Mchana ule fundi alikaa na viatu vile magotini. Alivipiga brashi, akavifuta, akavipaka rangi, na mikono ilipokwisha kazi, macho yalianza ya kwao. Ngozi ilikuwa ya zamani, imekunjamana, imepasukapasuka chini ya tabaka nyingi za rangi. Viatu vya miaka mitano, pengine sita. Akavigeuza. Soli ilikuwa mpya. Muhuri wa kiwandani ulikuwa unasomeka herufi kwa herufi. Visigino havikuwa na hata mkwaruzo wa changarawe.

Kwa mara ya kwanza wiki hiyo hakukimbilia kujibu. Washonaji walikuwa wamemfunza. Aliviweka mbele yake, akavitazama hadi jua likahama. Viatu vinavyong'arishwa kila wiki na havikanyagi nje. Ngazi kumi na sita, yeye mwenyewe alizihesabu. Na mtu anayetaka viwe tayari, kila wiki viwe tayari, kwa safari isiyofika.

Kisha akakumbuka kamba yake ya kiatu, kamba nne na nusu kwa tatu kasoro kidogo, na akili yake ikaruka kama zile raba.

Alhamisi asubuhi alifika juu kabla ya saa mbili. Mwalimu alifungua mlango akiwa hana filimbi. Ndani, kwenye kiti karibu na dirisha, alikaa bibi mdogo kama ndege, miguu mitupu juu ya kibao, anatazama barabara.

Fundi alikabidhi viatu. Alipaswa kushuka. Hakushuka. Aliviambia vile viatu, "Mwalimu, samahani. Mama ana muda gani hajashuka?"

Mwalimu alivigeuza viatu mkononi. "Nani kakwambia?"

"Soli."

"Miaka sita," akasema bibi kutoka dirishani, ambaye masikio yake hayakuwa na tatizo lolote. "Niliteguka nyonga. Mara mbili walinibeba kama gunia, mara ya tatu nikawaambia sibebwi tena. Nikishuka nitashuka na viatu vyangu. Ndiyo maana vinang'aa."

"Ile ya chini ningeinunua mimi tangu ilipotangazwa," Mwalimu akasema, sauti imepungua ukali. "Lakini hadi niuze hii, na nani anataka ya juu? Na wanaokuja kuona ya chini, huyo dalali anawaficha wasinione. Ananiomba nisitishe mazoezi hadi auze. Mimi nikamwambia, hawa wanawake nusu yao walikuwa wanatembea kwa fimbo. Sisitishi. Basi wanunuzi wakija siku za kazi wanakimbia wameziba masikio, wananichukia kabla hawajanijua."

Alichotaka fundi kusema kilikuwa kirefu, na njia pekee aliyoijua ya kusema jambo refu ilikuwa kulionyesha. Alichuchumaa, akachukua viatu vya bibi, akaviweka karibu na mlango. Akavua vyake, akaviweka karibu na kiti. Kisha akavibadilisha.

"Sisi tunainunua ya chini," akasema. "Halafu tunabadilishana. Ninyi chini, sisi juu. Nilivipima vyumba vyote kwa macho, ni mapacha. Nyinyi mtaruka chini ambako hakuna mtu chini yenu. Sisi juu yetu kuna bati tu na ndege." Akafikiri kidogo. "Mke wangu analala mchana. Ni nesi. Hayo tu ndiyo ninayoyataka."

Alipoinua macho, alikuta anamtazama Mwalimu usoni, na tayari alikuwa amemtazama muda mrefu. Uso wenyewe ulikuwa wa kawaida, mzuri, na umeanza kufanya jambo la ajabu kuanzia kwenye kidevu.

"Mama," Mwalimu akasema bila kugeuka, "umesikia?"

"Nimesikia tangu alipovua viatu," bibi akasema. "Niletee vyangu. Nataka kuanza kuvizoea."

Nesi alipoambiwa alikataa kufurahi hadi apime. Ijumaa alitandika mkeka juu, kwenye chumba cha Mwalimu, naye Mwalimu akakishusha kikundi kizima chini, kwenye fleti tupu. Filimbi ikalia. Fundi alikaa kando ya mkeka ameshika pumzi. Kutoka chini ilikuja sauti, ndiyo, lakini ilikuwa imezikwa, du du ya mbali, kama moyo wa mtu uliyemlalia kifuani. Nesi alijigeuza ubavu. Kidole gumba cha mguu wake kilicheza mara nne kufuata hesabu, kikaacha. Akalala hadi saa tisa alasiri, na ilibidi aamshwe kwa kutikiswa, kwa kuwa Mwalimu alitaka chumba chake.

Jumamosi Bwana Funguo alikuja ofisini kwa wakili akiwa na uso wa mtu aliyegunduliwa. Alipofahamishwa kwamba ameuza na kubadilisha kwa wakati mmoja, na kwamba hakuna anayemdai maelezo ya dawa ya mende, funguo zake zilianza kuzunguka zenyewe. "Mimi nilijua," akasema. "Tangu siku ya kwanza niliona hawa ni watu wa juu."

"Bwana Funguo," Nesi akamwambia, "nitakapougua usingizi tena, nitakuja kulala kwako."

Siku ya kuhama bibi alitoka mlangoni na viatu vyake vya kahawia, akaketi kwenye ngazi ya kwanza, akateremka zote kumi na sita kwa makalio, moja moja, akikataa kila mkono ulionyooshwa, wanawake kumi na wawili wakimhesabia kwa sauti. Chini akasimama, akajipangusa, akakanyaga changarawe. Akakanyaga tena kwa makusudi, akamtazama fundi. "Sasa nitakupa kazi ya kweli."

Na juu, wiki hiyo hiyo, Nesi aliamka siku moja saa tisa mwenyewe, bila kutikiswa, bila mto kichwani, akajinyoosha akamkuta mumewe anapanga viatu vyake mlangoni. Alimshika mikono akamvuta katikati ya chumba. Fundi alidai hajui kucheza. Nesi akamwambia hata kutembea hakujui, anajua kutazama wanavyotembea wengine. Wakacheza bila muziki, naye fundi, kwa furaha, akasahau kwamba amevaa viatu vyake vya kazi, vyenye misumari. Wakazunguka, wakagonga kabati, wakacheka, akamwinua mkewe akamtua, kwa kishindo.

Kutoka chini ukaja mpini wa ufagio, mara tatu, darini kwa bibi.

"Huko juu," ikapaa sauti ya bibi dirishani, kali kama ya mwanawe. "Mna nini? Kuna watu tumetoka matembezini, tunataka kulala."

Walisimama palepale, wameshikana, hawapumui. Nesi alikuwa amejiziba mdomo kwa bega la mumewe. Fundi aliinama polepole, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavishika mkononi kama mlinzi.

"Samahani, bibi," akaita dirishani, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. "Ni sisi majirani."